Mafuta Hayatagi

Siku ya ishirini, saa mbili kasoro robo usiku,
Pasua nzima ilizimika kwa pumzi moja.
Redio ya kinyozi ikakatika katikati ya neno,
na ndani ya mashine yangu ya kutotolea
feni ikajizungusha mara tatu za mwisho, bila moyo, ikatulia.

Mayai elfu moja na hamsini na sita.
Mengine yalikwisha kuanza kudonolewa kwa ndani.
Ukiweka sikio kwenye trei unasikia
kitu kama mvua inayofikiria kunyesha.

Nyuzi thelathini na saba na nusu, ndiyo haki yao.
Thelathini na sita, wanachelewa.
Thelathini, nimewafukia mwenyewe humo humo kwenye maganda.

Nikatoka na tochi mdomoni.
Jenereta liko nyuma ya choo, chini ya bati,
limefungwa mnyororo kama mbwa asiyeaminika.
Nikamimina dumu la kwanza, nikashika hendeli.
Likakohoa. Likatukana. Likakohoa tena,
kisha likashika, ukuta ukatetemeka,
na moshi mweusi ukapanda juu ya Moshi
(mji ulipewa jina kabla sijanunua jenereta,
msinisingizie).

Mama Nakiete akafungua dirisha:
"Kandaeli! Shuka zangu ziko kambani!"
Nikamwambia nitazifua.
Sikuzifua.

Mwalimu Senkondo akaja kuchaji simu,
akaketi juu ya kreti la soda, akanitazama.
"Unajua unachokichoma?"
Najua. Dizeli. Lita mbili kwa saa.
"Ni maiti," akasema. "Vijidudu vya bahari
vilivyokufa kabla mlima huu haujawaza kuwa mlima.
Vikalaliwa na matope, vikapikwa taratibu, gizani,
miaka mamilioni, bila mtu kuvihimiza.
Wewe unavimaliza kabla ya adhana ya alfajiri."

Nikamuuliza, na umeme wa nguzo? Ule msafi?
Akacheka kwa pua.
"Mwingine ni maji. Mwingine ni gesi ya kusini.
Maiti wale wale, ila wamevaa suti."

Sikumjibu. Nilikuwa nasoma kipimajoto.

Lakini saa nane, ameshaondoka na simu yake imejaa,
maneno yake yakabaki kwenye kreti.
Basi wafu ndio walioniatamia mayai.
Bahari nisiyoijua jina
imekuja Pasua, imekaa juu ya trei zangu, inatoa joto.
Tena mara moja tu.
Maana kuku akiatamia, huinuka,
akajikung'uta, akala, akanywa, mwakani akataga tena.
Dizeli ikiatamia haiinuki.
Mafuta hayatagi.
Hakuna jogoo wa mafuta.

Nikamimina dumu la pili.
Hela ya dumu la pili ilikuwa viatu vya shule vya Aikande.
Alijua. Hakuuliza. Alinishikia tochi
mpaka usingizi ukamlaza juu ya gunia la pumba,
tochi bado inawaka mkononi,
ikimulika paa, pasipo na kitu.

Wa kwanza alitoka saa kumi na moja:
amelowa, mbaya wa sura, kama soksi iliyookotwa mfereji wa barabarani.
Nikampenda kwa hasira.
Kisha wa pili. Kisha trei nzima ikaanza kelele
na jenereta likapata mshindani.

Saa nne asubuhi umeme ukarudi, hata salamu hakuna.
Redio ya kinyozi ikaanza neno jingine.

Tulihesabu mia tisa na kumi na moja.
Yaliyobaki, mia na arobaini na tano,
niliyafukia nyuma ya migomba, na udongo ulinuka dizeli,
au ni mikono yangu iliyonuka.
Aikande alisimama pembeni, miguu mitupu.
"Baba, na haya yatakuwa mafuta?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole.
Vidole vikaisha.

Nikabeba madumu mawili matupu, nikaenda sheli,
maana Jumatatu trei nyingine zinaingia.